Maganda ya Risasi na Makopo ya Makoroboi

Jumapili nilimpigia simu baba mdogo Mwanza, nikamsimulia jinsi jirani yangu hapa Pennsylvania, mzee mstaafu wa karakana, anavyoshinda gerejini akichambua maganda ya risasi za bastola zilizokwisha kupigwa. Baba mdogo alimaliza ujana wake akikata makopo kutengeneza koroboi pale Makoroboi. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Kwa hiyo na huko watu wanaokota, mwanangu?"

Wanaokota, baba. Tena wanaheshimiwa kwa kuokota.

Risasi ikipigwa, kinachoruka ni kichwa chake, ganda linabaki. Ganda la kawaida ni la shaba iliyochanganywa na zinki, na mwenye ujuzi hulirudishia fataki (kile kikombe kidogo cha kitakoni kinachowasha baruti), baruti na kichwa kipya, likatumika mara nyingi. Marekani, anayejitengenezea zake mwenyewe hadaiwi leseni ya shirikisho. Anayeuza ndiye anayedaiwa. Kwa hiyo wenye burudani hiyo wako wengi. Jirani yangu yeye anafuata yale ambayo wenzake wanayaacha chini kwenye uwanja wa shabaha: ya chuma, ambayo huyatenga kwa sumaku, ya vipande viwili, yenye mwili wa chuma na kitako cha alumini, na yale yenye matundu mawili kitakoni. Ya alumini tupu aliyaacha, maana yanachanika mdomo, na mengine kiwanda kimeyapiga kabisa herufi NR kuonya kwamba hayajazwi tena.

Hayo ya matundu mawili ndiyo yaliyonishika. Ukichungulia ndani ya ganda la kawaida unaona tundu moja katikati. Huo ni mfumo wa Boxer, Mwingereza, na Wamarekani ndio walioukumbatia. Matundu mawili ni ya Berdan, Mmarekani, ambaye mfumo wake ulishika Ulaya. Kila mmoja kazi yake ilipata wenyewe ugenini, jambo ambalo sisi tulioondoka tunalielewa bila kufafanuliwa. Sasa, fataki iliyokwisha hutolewa kwa sindano inayopita kwenye tundu la katikati, na kwa Berdan hakuna pa kuipitisha. Mzee analijaza ganda maji, anatia kijiti cha chuma kinachoenea mdomoni barabara, anagonga nyundo pigo moja. Maji yanaisukuma fataki nje, inadondoka kwenye beseni. Niliposikia mlio ule nilimwona baba mdogo kabisa, amechuchumaa, anagonga kitako cha kopo la maziwa.

Siku moja mzee aliniruhusu nishike mtambo wa kukandamizia fataki. Maganda ya bastola za kipimo cha .45 kwa kawaida hupokea fataki kubwa, ila siku hizi yapo yanayotaka ndogo, na kwa nje yanafanana. Nilihisi mkono wa mtambo umegoma, nikataka kuongeza nguvu. Akanidaka kiganja. Fataki kubwa ilikuwa imekaa upande juu ya shimo dogo, na ningeikandamiza ingeweza kulipuka usoni kwangu. Hakunifokea. Alizima redio, tukaanza kuchambua upya rundo zima, ganda moja moja.

Nisieleweke vibaya. Sitaki burudani hii ije kwetu. Tuna Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, kutengeneza risasi bila kibali ni kosa, na mimi naiunga mkono. Mvuvi aliyeporwa injini usiku katikati ya ziwa anajua bastola inafanya nini kuliko yeyote wa huku.

Ninachokionea uchungu ni mikono. Koroboi ya baba mdogo ilikuwa na mshono uliokunjwa mara mbili usivuje hata tone, na aliukunja kwa kukadiria kwa kidole. Nusu ya mtaa wetu tulisomea mwanga huo. Hata hivyo shuleni nilikuwa nikiulizwa kazi yake nasema anafanya biashara, kwa sababu kuokota kopo kwetu ni dhiki, na hakuna mwalimu aliyewahi kutupeleka pale tukatazame. Mzee wa hapa naye anaokota. Tofauti ni kwamba ana pensheni, meza yenye taa, vernia ya kupimia unene, mizani na daftari analoandika kila fungu alilolijaza tangu aanze. Hamshindi baba mdogo akili. Amemshinda kivuli cha kukaa na muda wa kukosea bila kulala njaa.

Mwezi huu nimetuma vernia. Baba mdogo kaipokea, kasema tarakimu zake macho yake hayazioni tena, atampa kijana anayechomelea milango Nyakato, "yule ana subira." Kisha akaniomba nimtumie ganda moja la matundu mawili, alishike tu. Hilo haliwezekani. Nimempigia picha kwa ndani, nikaikuza mpaka matundu yote mawili yakaonekana.