Kituo cha kazi kiko wapi?

Mtumishi wa umma yeyote anaujua uzito wa barua ya uhamisho. Mwenzi wako ana ajira yake hapo mjini, watoto wameshazoea shule, na mkopo wa nyumba ndio kwanza umeanza kulipwa. Tangu Januari 2025, Marekani barua za aina hiyo zimewafikia hata watu walioajiriwa wakijua kituo chao cha kazi ni meza ya nyumbani. Tarehe 20 mwezi huo, siku aliyoapishwa, Rais Donald Trump aliwaagiza wakuu wa idara za serikali kukomesha kazi za mbali na kuwarudisha watumishi ofisini siku zote za kazi.

Wanaounga mkono agizo hilo si wakorofi tu. Mwaka 2023 wakaguzi wa Bunge walikuta taasisi 17 kati ya 24 zinatumia robo au chini ya robo ya nafasi ya makao makuu yao. Umeme, walinzi na usafi wa majengo hayo matupu vinalipwa na mwenye kodi. Halafu kuna suala la haki, na hili ndilo linalonigusa zaidi: kwa takwimu za 2024 za serikali ya Biden yenyewe, asilimia 54 ya watumishi milioni 2.28 walikuwa na kazi zisizofanyika kwa mbali kabisa. Muuguzi hawezi kumfunga mgonjwa kidonda kupitia kompyuta, wala mkaguzi wa nyama hakagui machinjio akiwa sebuleni. Na mshahara nao hufuata kituo: mwaka 2025 nyongeza anayopewa mtumishi juu ya mshahara wa msingi kwa kufanyia kazi eneo la Washington ilikuwa asilimia 33.94, na kwa maeneo yasiyo na kiwango chake maalumu, 17.06. Mwajiri akiuliza unafanyia kazi wapi, anauliza habari ya fedha.

Lakini takwimu hizo hizo za 2024 zinasema walioruhusiwa kufanya kazi kwa mbali kwa sehemu ya muda walitumia takriban asilimia 61 ya saa zao wakiwa kazini ana kwa ana. Wasiokuwa na ofisi kabisa walikuwa 228,000 hivi, mmoja kati ya kumi. Ile picha ya serikali nzima iliyolala kitandani na kompyuta mapajani imetiwa chumvi.

Kinachonitia shaka ni nia, maana wenyewe waliitamka. Novemba 2024 Elon Musk na Vivek Ramaswamy, waliochaguliwa na Trump kuongoza mpango wa kupunguza serikali, waliandika gazetini kwamba kulazimisha siku tano ofisini kutawafanya wengi waache kazi kwa hiari, na kwamba watafurahi. Hawakuwa wa kwanza. Mwaka 2019 Wizara ya Kilimo ilizipeleka Kansas City taasisi zake mbili za utafiti, watumishi wakapewa kama mwezi mmoja kuamua. Wengi wao hawakwenda. Mick Mulvaney, aliyekuwa akikaimu ukuu wa watumishi wa Ikulu, akausifu uhamisho huo hadharani kuwa njia nzuri ya kupunguza serikali. Idara ya ardhi za umma nayo ikapeleka makao makuu yake Grand Junction, Colorado. Kati ya nafasi 328 zilizotakiwa kuondoka Washington, watu 287 walistaafu au walitafuta kazi kwingine, na watatu tu ndio waliofika Grand Junction. Mwaka 2021 ikatangazwa kwamba makao makuu yanarudi Washington.

Mimi ningeikubali hata sheria kali ya siku tano, mradi kituo kikishaandikwa kisibadilishwe bila notisi inayotosha familia kujipanga. Mtu hupunguzwa kazi kwa utaratibu, akalipwa kiinua mgongo chake. Kumhamisha hadi achoke ni kumnyima vyote viwili.

Julai 2025 Wizara ya Kilimo ilirudia tena, ikatangaza kwamba kati ya watumishi wake wapatao 4,600 wa eneo la Washington, wasiozidi 2,000 ndio watakaobaki. Miji mitano ya kuwapokea wengine ilitajwa, kuanzia Raleigh hadi Salt Lake City. Nani anakwenda mji upi, tangazo halikusema. Shule za huko hufunguliwa Agosti.