Sasambua Imeingia Mpaka Sebuleni Kwangu

Jamani, mimi nilizoea hospitali ya kugombana. Unafika, unafoka kidogo pale dirishani, unamtaja nesi mnayetoka naye kijiji kimoja, faili linapotea, linatafutwa, linaibuka chini ya boksi la glavu, unashukuru, jioni unarudi nyumbani. Mambo yalikuwa yanaeleweka. Sasa wametuletea uboreshaji wa huduma, na mtu mzima na mbinu zake hana pa kuzitumia.

Juzi nilimpeleka mama mkwe, mguu umevimba na presha haishikiki. Tulitoka Mbagala alfajiri. Hospitali siitaji, kadi yake ya kliniki bado inatumika kulekule.

Kuingia tu, ndoo tatu za taka: nyeusi, njano, nyekundu. Nina ganda la ndizi mkononi. Nikaona njano na njano zinaendana, nikatupa. Dada wa usafi alivyopiga ukelele, ungesema nimetupa mtoto. "Baba! Hiyo ya njano ni taka za maambukizi! Ganda ni nyeusi!" Foleni nzima ikageuka. Nikalitoa ganda langu kwa ncha za vidole, halafu nikapelekwa kunawa kwa sabuni kama mwanafunzi wa chekechea.

Tukakaa. Mara bodaboda ikamshusha kijana anahema, akapitishwa moja kwa moja. Nikasimama kutetea haki. Nesi hata hakuinua sauti: "Baba, hapa haanzi aliyewahi, anaanza aliyezidiwa." Mama mkwe kusikia hivyo, naye akaanza kuhema. Akahema vizuri sana, mpaka mimi mwenyewe nikaogopa. Wakampima presha, wakambana kidole na kile kidude cha oksijeni, kikamsaliti palepale. "Mama, hewa unayo ya kutosha. Presha iko juu kidogo, daktari atakuona. Subiri zamu yako."

Ukutani pana bango la hatua tano za kupanga mahali pa kazi: Sasambua, Seti, Safisha, Sanifisha, Shikilia. Mama mkwe akalisoma kwa sauti, halafu akamdaka kijana wa mapokezi amweleze. Naye, maskini, akaeleza. Kwamba mambo haya yametoka kwenye viwanda vya Japani, yakaingia hospitali za Sri Lanka, na hapa kwetu yakaanzia hospitali ya rufaa Mbeya mwaka 2007. Mbeya! Sisi wa Dar tumezoea kila kipya kitushukie bandarini kwanza, kumbe hili limetuzunguka kwa nyuma. Sasambua, akasema, ni kutenga vitu mafungu matatu: vinavyotumika, visivyotumika, na vile ambavyo hujaamua. Mama mkwe akanitazama mimi. Sikupenda ile tazama.

Faili lilipatikana hata sijamaliza kupanga maneno ya kugombana. Malipo ndiyo yalitukalisha. Namba ya malipo haitoki, mtandao unasumbua, na mtandao hauna rafu ya kupanga.

Chumba cha daktari sasa. Kisafi, mezani kila kitu kimezungushiwa utepe na kuandikwa jina. STEPLA, ipo. FOMU ZA MAABARA, zipo. MASHINE YA PRESHA: utepe upo, lebo ipo, pembe nne zimenyooka, mashine hakuna. Nikauliza. Daktari akasema ndiyo ile iliyompima mama kule nje, wanagawana. Lakini nafasi yake, ndugu zangu, imetunzwa! Haina vumbi! Na nikisema kweli, hiyo si kazi bure. Zamani mashine ikikosekana tulijua imefukiwa na makaratasi. Sasa mkubwa yeyote akiingia pale anaona kabisa kwamba haipo. Kununua ni hatua nyingine, tena hiyo haina bango.

Mama akapewa dawa, akaambiwa apunguze chumvi na akikaa aweke mguu juu. Chumvi hajapunguza. Alichobeba kurudi nacho ni lile bango, kichwani.

Kesho yake asubuhi redio yangu iko barazani, fungu la visivyotumika, pamoja na feni na betri la gari. Ndiyo, gari sina, lakini mtu huanzia mahali. Mnunuzi wa chuma chakavu alipita kabla sijavaa shati. Unagombanaje na mama mkwe mwenye presha? Jikoni makopo yote yana lebo. Lile la SUKARI lina chumvi, lebo zimebandikwa, makopo bado hajayafungua.

Jana narudi kazini nakuta kochi limezungushiwa utepe, limeandikwa BABA. Nikakaa kwenye kiti cha pembeni kwa ukaidi tu. "Mwanangu, rudi mahali pako," akaniambia kwa upole, mguu wake juu ya stuli.

Nikarudi. Nikamuuliza mama watoto rimoti iko wapi. Akanionyesha utepe wake.