"Kwetu hakuna mambo haya"

Siku ya tano baada ya wifi yangu, mke wa kaka, kujifungua, nilikuwa namwogesha mwanawe, akakojoa. Mkojo haukuruka mbele kama wa watoto wengine wa kiume niliowaogesha. Ulitoka upande wa chini wa uume, ukamteremkia mapajani mpaka kiganjani mwangu. Govi lilifunika juu tu. Shangazi akafurahi, akasema mtoto kazaliwa ametahiriwa. Mama yangu hakufurahi. Alimtazama wifi, akasema: "Kwetu hakuna mambo haya."

Kauli hiyo imewaliza wanawake wengi, na si ya haki.

Hali hii madaktari huiita haipospadia. Kwa makadirio, kila wavulana 200 hadi 300 wanaozaliwa, mmoja anayo. Mrija wa mkojo hufungika taratibu kutoka shina la uume kuelekea kichwa chake, kama mshono, kati ya wiki ya 8 na ya 14 ya mimba hivi, ukisukumwa na homoni za korodani za mtoto mwenyewe. Mshono ukikwama njiani, tundu hubaki chini. Hakuna laana hapo.

Jeni zina sehemu kubwa, na ni nyingi. Mwaka 2014 watafiti waliochunguza wavulana wa Denmark walitaja maeneo 18 ya vinasaba yanayohusika. Jeni moja iliyojulikana kabla ya hapo, DGKK, iko kwenye kromosomu X, ambayo mvulana huipata kwa mama yake. Najua wapo watakaolidaka hilo. Basi wakumbuke kwamba mama naye X yake moja alipewa na babake. Tena takwimu za Denmark za mwaka 2008, za wavulana zaidi ya milioni moja, zilionyesha hatari hupita sawasawa kwa kuumeni na kwa kukeni. Wapo pia wengi ambao hawana ndugu hata mmoja mwenye hali hii.

Jioni ile baba alisikia habari. Alikaa kimya kitambo, kisha akasema: "Mimi nilizaliwa hivyo hivyo." Maisha yake yote huchutama akienda haja ndogo, nasi tulidhani ni adabu ya dini tu. X yake ninayo mimi bintiye, kaka yangu hana. Kama mtoto kairithi kwa babu, imepita kwenye jeni nyingine kabisa.

Simlaumu baba kwa kunyamaza. Jando halikumfundisha kulisema hili. Lakini nawasihi wanaume: semeni, hata kwa mkeo tu, kabla mtoto hajazaliwa. Kwa sababu kisu cha tohara hakisubiri. Govi lile ndilo ngozi ambayo daktari wa upasuaji huitumia mara nyingi kujenga mrija, kwa kawaida mtoto akiwa na miezi 6 hadi 18. Likishakatwa, kazi inakuwa ngumu zaidi.

Sisi tohara ilikuwa iwe siku ya saba. Baba mwenyewe ndiye aliyepiga simu kuiahirisha, na Jumatatu alivaa kanzu yake, akampakata mjukuu, akaongozana na wifi kliniki.