Kila Kitu Kipo, Kasoro Ulichokifuata

Tuambiane ukweli, jamani. Jengo la wanafunzi la chuo, hata hili la hapa kwetu Malindi ambalo jina lake silitaji nisije nikaitwa ofisini, halikujengwa litumike. Lilijengwa lifunguliwe. Mheshimiwa akaja, akakata utepe, picha zikapigwa, pilau ikaliwa, kila mtu akarudi kwao. Ukabaki ubao mlangoni: kantini, saiba ya kompyuta na kuprinti, wakala wa M-Pesa, saluni na kinyozi, waifai ya bure, meza ya puli, vyoo, ofisi ya viongozi wa wanafunzi. Na wallahi hakuna uongo hapo. Kila kitu kipo, kasoro ulichokifuata.

Kwa hivyo wewe mzazi uliyekuja kumtazama mwanao, au jirani unayetaka kutoa kopi mbili tatu, usiingie kichwa kichwa.

Langoni askari atakuamkia vizuri sana. "Shikamoo ami. Kitambulisho." Marahaba yako haijatoka, daftari lishafika kifuani. Jina, namba ya kitambulisho, namba ya simu, saa ya kuingia. Kenya ina Sheria ya Kulinda Data tangu 2019, lakini daftari limelala wazi na kalamu yake imefungwa uzi, na kila anayekuja nyuma yako anakusoma wewe na ukoo wako. Wa kwanza asubuhi kaandika saa mbili; waliomfuata wote wameweka alama ya vivyo hivyo, hata huyu aliyeingia adhuhuri akila embe. Hilo si kubwa. Kubwa ni kitambulisho chenyewe kikibaki. Uliza papo hapo kinawekwa wapi na zamu inabadilika saa ngapi, kwa sababu droo ina kufuli, na ufunguo huenda nyumbani na askari wa zamu iliyoisha.

Haya, saiba. Hapa ndipo imani za watu zinapopimwa.

Kwanza, usiende na kazi yako kwenye simu ukidhani utaituma pale pale. Itume kwa barua pepe ukiwa nyumbani, na iwe PDF. Ukipeleka faili la Word lililoandikwa kwenye simu, kompyuta ya saiba haina herufi zile, italeta zake, na barua yako ya ukurasa mmoja itakuwa kurasa mbili: wa pili una sahihi yako peke yake, imekaa juu imenuna. Hizo ni shilingi kumi umelipia sahihi.

Pili, saizi ya karatasi. Kompyuta iliyowekwa kwa mpango wa Marekani hutaka karatasi inayoitwa Letter, milimita 216 kwa 279. Sisi huku ni A4, 210 kwa 297. Mashine ikiagizwa Letter na trei yake ina A4, haikatai wala haikubali. Inawasha taa ya manjano, inakaa. Kijana wa saiba anaizima, anaiwasha, anaipiga ubavuni, anakuambia, "Ami, mashine ina shida leo." Haina shida yoyote, maskini. Inangoja karatasi ya Marekani ifike Malindi. Mwambie afungue sehemu ya kuprinti, abadilishe saizi iwe A4, halafu afute kazi zote zilizopanga foleni kabla ya kuagiza tena. Asipozifuta, utatoka na kopi nne na utalipia nne, kwa sababu kila alipobonyeza, mashine iliandika deni.

Tatu ni karatasi kukwama, na hili msimlaumu kijana peke yake, bahari nayo ina lake. Rimu ina karatasi 500. Ikifunguliwa yote na kuachwa juu ya meza siku za masika, karatasi inakunywa unyevu, pembe zinajikunja, mbili zinashikana. Mashine inavuta moja, wanaingia wawili. Zikifika kule ndani kwenye roli la moto, upande mmoja unakauka kabla ya mwingine, inajipinda, inakwama. Dawa yake haina uganga: rimu ibaki kwenye ganda lake, itolewe ya kutosha trei tu, ipepetwe kwa kidole gumba kabla ya kuingizwa, na ikizidi kujipinda igeuzwe chini juu. Tena wanunue ya gramu 80 kwa mita ya mraba. Ile ya 70 ni rahisi, lakini kwa hewa ya hapa inalegea, haina uti.

Ikishakwama, ndipo utaona ushujaa. Kijana anashika ncha moja kwa vidole viwili na kuvuta kwa hasira. Karatasi inachanika, kipande cha ukubwa wa kucha kinabaki chini ya kile kidude cha kuhisi karatasi, na mashine kuanzia hapo itaapa kwamba imekwamwa hata ukiitoa utumbo wote. Inavutwa polepole, kwa mikono miwili, kufuata njia ile ile karatasi inakokwenda. Mlango wa nyuma uachwe wazi dakika kadhaa kwanza, kwani pale ndani panaunguza. Ukimwambia haya atasema, "Najua, ami." Sasa kama unajua, mwanangu, mbona umeshika mkasi?

Waifai. Ubao unasema bure, na ni bure kweli, maana nani atalipia kisichofika? Simu inaonyesha mistari yote imejaa, chini yake pameandikwa: imeunganishwa, hakuna intaneti. Watu huanza kuinua simu juu, wakizunguka uani wakitafuta mtandao angani, kumbe mara nyingi mtandao wenyewe upo, kilichokwisha ni namba, ile anwani ambayo kila simu hupewa ikijiunga. Kile kisanduku cha waifai kikiachwa kilivyotoka dukani, kwa kawaida huwa na namba zisizofika 254 za kugawa, na simu ikipewa moja, inaishikilia mpaka muda wake uishe, pengine siku nzima. Mwanafunzi kapita asubuhi kwenda darasani, simu yake mfukoni ikachukua namba. Sasa hivi yeye yuko mtaa wa Barani anakula miguu ya kuku, namba yake bado imekaa kwenye kiti. Jengo lenye wapitaji elfu moja limewekewa viti visivyofika 254, halafu wanashangaa. Fundi angepunguza muda wa kushika namba uwe saa moja, mambo yangetengenea, lakini fundi ndiye mwenye neno la siri, na fundi yuko safarini.

Kuna na kosa la pili, dogo lakini linaudhi. Mtandao upo, ila ule ukurasa wa kuingiza namba ya usajili haufunguki. Zima bando la simu kwanza. Sahau ule mtandao kwenye simu, kisha ujiunge upya. Ukurasa usipotokea wenyewe, andika anwani inayoanza na http bila ile s ya mwisho, kwani kurasa zenye kufuli hazikubali kuelekezwa kwingine. Na ukiona majina mawili, moja lina 5G mwishoni, usivutike na ukubwa wa namba. Hiyo ni ya mawimbi ya gigahezi 5, ina kasi, lakini ukuta mmoja tu wa mawe unaitoa pumzi. Ukiwa nyuma ya kuta hizi nene, chukua ile ya 2.4. Pole pole, lakini inapita.

Stima nayo ina vituko vyake. Saluni na kantini zimepakana, na aliyepitisha waya alihurumia pesa, akawapa soketi moja ya ukutani, wakagawana kwa ekstensheni. Plagi ya namna yetu ni ya ampea 13. Kwa volti 240 hiyo ni wati 3,120, haizidi. Drea ya nywele ni kama wati 2,000. Birika la chai la umeme, 2,000 nyingine. Piga hesabu mwenyewe. Zikiwashwa pamoja, plagi inapata moto, plastiki inanuka, kisha giza, na bibi aliyekuwa ananyooshwa nywele anatoka upande mmoja umelala na mwingine umesimama. Kila mmoja anamlaumu jirani, kisha wote wanailaumu kampuni ya umeme, ambayo safari hii, kwa mara moja, haina hatia. Ukitaka kutengenezwa nywele, nenda chai ishachemka.

Kwa wakala wa M-Pesa, jifunze kitu kimoja tu. Ukitaka kuweka pesa, yeye anahitaji floti, yaani salio lake la wakala kwenye simu. Ukitaka kutoa, anahitaji noti kwenye droo. Asubuhi wanafunzi wote wanatoa: droo inakauka, floti inafurika. Jioni wenye vibanda wanakuja kuweka mauzo: droo inajaa, floti inakwisha. Kwa hivyo wa kutoa aende jioni na wa kuweka aende asubuhi. Watu hufanya kinyume, mwaka baada ya mwaka, halafu wanasema yule dada ana roho mbaya.

Kantini nisiseme sana, nisije nikanyimwa. Mahamri na mbaazi za nazi zinapatikana saa moja asubuhi, na zikifika saa nne ni hadithi. Shida ni foleni mbili: ya kwanza unalipia na kupewa risiti, ya pili unapokea chakula. Anayepokea pesa hajui sufuria lina nini. Unalipa mbaazi, unafika mbele, "Zimekwisha, ami, kuna maharagwe." Kurudishiwa pesa ni foleni ya kwanza tena, kutoka mwisho. Chungulia sufuria kwanza, ndipo ulipe. Na mbaazi zenyewe ukiziona zimetoa mafuta juu na maji chini, jua tui limekatika: mpishi kamwaga tui zito mapema, akaliacha litokote kwa moto mkali. Tui la kwanza hutiwa mwisho, moto mdogo, na mwiko usitoke mkononi. Bibi yeyote wa mtaa wa Shela anajua hilo, kantini hawajui, na bei ni ile ile.

Meza ya puli ndiyo pekee inayojaa mchana kutwa, sijui masomo yanasomwa saa ngapi. Unatia shilingi 20, mipira inaporomoka. Tazama mguu wa kushoto: umewekewa kadibodi ya boksi la sabuni, kwa hivyo kila mpira unaopigwa taratibu unaelekea upande wa dirishani. Wenyeji wanajua, wewe hujui, ndiyo maana wanakukaribisha kwa tabasamu. Halafu kuna mpira mweupe. Meza za sarafu huutambua mweupe kwa ukubwa au kwa sumaku iliyomo ndani yake, ukitumbukia unarudishwa. Mweupe wa asili ulipotea, ukaletwa mwingine wa meza nyingine, saizi sawa na wenzake. Sasa ukitumbukia, meza inaumeza pamoja na rangi zote, na njia ya kuutoa ni shilingi 20 nyingine. Watoto wa watu wamekuwa mabingwa wa kutoutumbukiza. Elimu hiyo nayo haina cheti.

Vyoo. Samahanini wenye kula. Maji ya kisima ya mji huu yana chumvi na chokaa. Chokaa inaganda kwenye vali ya boya ndani ya tangi dogo la choo, na boya likishaganda lina tabia mbili tu: ama halijazi kabisa, ama halikomi kujaza. Mwezi mmoja kukauka, mwezi mmoja mafuriko. Vali ingelowekwa usiku mmoja kwenye siki, ikasuguliwa kwa mswaki wa zamani, ingepona, lakini siki haimo kwenye bajeti. Basi kuna ndoo. Watu humimina kidogo kidogo wakihurumia maji, wanamaliza ndoo mbili na kitu hakijaondoka. Kinachovuta ni kishindo, si wingi. Lita sita tu, mimina kwa mpigo mmoja kutoka usawa wa kiuno, bomba linavuta lenyewe. Komeo la mlango limeliwa na kutu ya bahari zamani, kwa hivyo haya yote uyafanye mguu mmoja ukiwa umezuia mlango. Na ukohoe.

Utasema, lakini si kuna viongozi? Wapo. Sheria ya Vyuo Vikuu ilivyorekebishwa 2016 imepanga vizuri kabisa: mwenyekiti, makamu wake awe wa jinsia nyingine, katibu mkuu, mweka hazina, na wengine watatu. Marekebisho hayo yaliondoa kuchaguliwa moja kwa moja na wanafunzi wote. Yakapanga kila kitivo au idara itoe wajumbe watatu, nao ndio wachague baraza. Muhula ni mwaka mmoja, na mtu hazidishi mihula miwili. Sasa hesabu. Mwezi wa kwanza wanapongezana. Wa pili wanatafuta funguo za ofisi. Halafu mitihani, halafu likizo, halafu kampeni za wengine. Mlangoni pamebandikwa karatasi, "Narudi sasa hivi," haina tarehe wala jina, na utepe wake wa gundi umeshageuka rangi.

Chini yake kuna sanduku la maoni, la mbao ya mvule, zuri kuliko fanicha zote za jengo. Limejaa mpaka karatasi zinachungulia. Kufuli lipo, zima. Ufunguo alikuwa nao mweka hazina wa juzi, ambaye ashahitimu na kupata kazi Taveta. Ukiwa na lalamiko kuhusu ufunguo, andika, usukume kwa kalamu, nafasi kidogo bado ipo.