Jeneza la Nailoni, Upana 23, Urefu 53

Kazi iliyoagizwa ilikuwa pini ya chuma cha EN8 yenye kichwa cha pembe sita, cha kuingia spana ya 46, saizi ile ile ya bolti ya M30. Mashine ikatoa jeneza. Simtanii mtu: pande mbili ndefu zilizosimama wima, ncha zimechongoka huku na huku, upana milimita 23, urefu 53. Kijana wa zamu, ambaye kwa kawaida haoni kitu mpaka saa ya chai, alilitazama akavua kofia.

Karakana iko Kisumu, upande wa viwandani. Mashine ni ya mtumba, ya kukereza na kuchonga kwa pamoja: spindo mbili zinazotazamana, tareti yenye visu vinavyozunguka vyenyewe, mhimili wa C, yaani spindo yenyewe ikigeuzwa kwa digrii, na kontrola, kompyuta ya kuiongoza mashine, ya Fanuc. Mteja ni kiwanda cha sukari, na kiwanda cha sukari kikisimama katikati ya msimu wa kusaga miwa hakikupigii simu kukujulia hali. Posti, yaani programu ya kugeuza njia ya kisu iliyochorwa kwenye kompyuta iwe G na M za kusomwa na kontrola, ilinunuliwa kwa muuzaji wa mtandaoni pamoja na mashine ya kuigiza ya simulesheni. Vyote kifurushi kimoja, bei ya jumla. Kumbuka hilo la kifurushi.

Kabla ya jeneza, lakini, kulikuwa na usingizi. Programu ikaanza vizuri, ikatoboa tundu kwa kisu kinachozunguka, kisha ikarudi kukereza mwili wa pini, milimita 60. Ikasimama. Spindo inazunguka, maji ya kupoza yanamwagika, hakuna alamu, na kisu hakiendi popote. Mtu wa kwanza kusema alilaumu stima. Msimamizi wetu, Jaduong', akatazama taa ya darini, akaona inawaka sawasawa, akasema, "Hii haijazimika. Hii imelala."

Ukurasa wa nafasi za mihimili ndio uliosema kweli: Z, mhimili wa urefu wa fimbo, ilikuwa inatembea, ila ni tarakimu ya mwisho tu iliyokuwa ikibadilika, kwa heshima na taadhima. Programu ilikuwa na F0.25, iliyokusudiwa kuwa milimita 0.25 kwa kila mzunguko. Lakini baada ya kutoboa, posti ilikuwa imeacha G98, na kwenye kerezo za Fanuc zinazotumia mfumo A, G98 ni milimita kwa dakika, G99 ndiyo ya mzunguko. Milimita 60 kwa robo milimita kwa dakika ni dakika 240. Kijana akasukuma swichi ya asilimia hadi 150. Saa nne zikawa saa mbili na dakika arobaini, akatangaza kwamba sasa inakimbia.

Anayetoka kwenye mashine za kuchonga tu hukwama hapa, kwa sababu huko G98 na G99 ni za kurudi juu wakati wa kutoboa, na mwendo wa kisu huandikwa G94 na G95, kama ilivyo pia kwenye mfumo B na C wa kerezo. Dawa ni fupi: kila operesheni iandike G98 au G99 yake yenyewe, hata kama kontrola inakumbuka ya awali. Na shukuru ukipata usingizi. Kinyume chake ni F250 ikisomwa chini ya G99, milimita 250 kwa kila mzunguko. Hapo kisu hujitupa kwa kasi ya juu kabisa kinayoruhusiwa, na hutakuwa na nafasi ya kumlaumu fundi wa stima.

Simulesheni iliyo ndani ya programu ya kuchorea haikuona lolote, maana yenyewe huigiza njia ya kisu kabla haijapita kwenye posti. G98 haikuwa imezaliwa bado. Ile nyingine, inayosoma G zenyewe, iliona, ikaandika muda wa kazi kwa maandishi madogo pembeni mwa skrini: zaidi ya saa nne. Watu hutazama picha. Saa ile pembeni ndiyo ya kutazamwa kwanza.

Basi, pembe sita. Jaduong' aligoma kutia chuma. Muuzaji alikuwa kwenye simu, spika imefunguliwa, anaeleza kwamba simulesheni zote mbili zimepitisha, kijani tupu.

"Nyathina," yaani mwanangu, Jaduong' akaniambia mimi, simu akaipa mgongo, "simulesheni haijawahi kulipia endimili. Weka nailoni."

Tukafunga fimbo ya nailoni ya kipenyo cha 55, maana pembe sita ya 46 ina 53.1 kutoka ncha hadi ncha. Endimili, kisu cha kuchongea, ya kipenyo cha 20, kushuka milimita 3 kwa kila raundi hadi kina cha 19. Nailoni haipigi kelele, hutoa nyuzi ndefu nyeupe zinazojizungusha kwenye tareti, kwa hiyo hakuna aliyeshtuka mpaka mlango ulipofunguliwa na nyuzi zikaondolewa.

Kufikia saa nne ya chai kamati ya matanga ilikuwa imeundwa. Mwenyekiti alipatikana, mweka hazina akapatikana upesi zaidi, na sahani ya mchango ikaanza kuzunguka. Mchomeleaji akasoma wasifu: marehemu alizaliwa katika fimbo ya nailoni, akakua vyema hadi kwenye G12.1, ndipo akaugua ghafla. Ameacha mjane, spana ya 46, aliyemzunguka pande zote asimguse, na shemeji, spana ya 24, ambaye ndiye peke yake aliyeweza kumkumbatia, tena kwa ulegevu. Mama wa chai akauliza kama kutakuwa na disko matanga ili alete vikombe vya ziada.

Mimi nilikuwa na kalipa. Upande wa C, ncha hadi ncha, 53.1, sahihi. Upande wa X, mhimili wa kisu kusogea na kutoka katikati, 23.0, nusu kamili ya 46. Kosa likitoka nusu kamili au mara mbili kamili, usihangaike na skrubu iliyolegea wala kisu kilichochakaa. Hayo hukupa sehemu za mia za milimita, hayakupi nusu. Nusu ni kipenyo kilichogombana na nusu-kipenyo.

Programu yenyewe ilikuwa inakiri, ukiisoma polepole:

G12.1
G1 G42 X23. C-13.279
C13.279
X0. C26.558
X-23. C13.279

G12.1, ambayo ni lazima ikae peke yake kwenye mstari wake, huunganisha X na C ili kontrola ichonge umbo bapa usoni mwa fimbo kana kwamba C ni mhimili wa mstari ulionyooka. Ugumu uko hapa: ndani yake C huandikwa kwa nusu-kipenyo, lakini X huendelea na desturi ya mhimili wake. Kwetu X ni ya kipenyo, na ukifungua parameta 1006, biti ya 3 ya X iko kwenye 1. Kwa hiyo upande bapa ulio milimita 23 kutoka katikati unatakiwa uandikwe X46., ukiwa kando ya C13.279. Ukiona X na C zote zinaongea lugha ya nusu-kipenyo ndani ya G12.1, na mashine yako ni ya kipenyo, tafuta mbao za jeneza.

Tuliokolewa kidogo na G42, kwa sababu kontrola huongeza unene wa kisu baada ya kusoma umbo. Kama kompyuta ingekuwa imeshakokotoa njia ya katikati ya kisu, nao unene wa kisu ungekatwa nusu: 33 (23 na 10 za endimili) ingekuwa 16.5, toa 10 za endimili, inabaki 6.5 kila upande. Jeneza la upana 13.

Posti ile ni faili la JavaScript. Juu kabisa X imepewa kizidisho cha 2, sahihi kwa kerezo. Chini, kwenye kipengele cha kuwasha polar, yaani hiyo G12.1, kuna mstari unaokirudisha kizidisho hicho kuwa 1. Aliyeuweka hakuwa amelewa. Kuna kontrola ambazo mambo huenda hivyo, na Siemens, kwa mfano, wana DIAMON na DIAMOF za kuwasha na kuzima kipenyo upendavyo. Ila yetu si hiyo. Nikanakili faili kwanza (hariri posti bila nakala uone), nikauzima mstari, nikatoa programu upya. X46. ikajitokeza.

Nikaipeleka kwenye simulesheni ya G ili ibarikiwe. Ikaikataa! Ikachora kichwa cha upana 92, kisu kinapita hewani pembeni mwa fimbo, nyama iliyobaki imepakwa rangi ya onyo. Programu mbovu ilikuwa imepita kwa kijani, nzuri ikafukuzwa. Kontrola ya kuigiza nayo ilikuwa imewekewa X ya nusu-kipenyo ndani ya polar. Mwongo na shahidi wake wametoka nyumba moja, kifurushi kimoja, bei ya jumla.

Hapo wa kuulizwa ni mashine yenyewe. Peleka endimili mbali na fimbo, Z angalau milimita 100 mbele, C iwe 0. Kwa mkono, mstari mmoja mmoja, swichi ya asilimia ikiwa chini, andika G12.1, kisha G98 G1 X60. F500. Chukua rula, pima kutoka katikati ya spindo hadi katikati ya kisu. Ikiwa 30, ni kipenyo. Ikiwa 60, ni nusu-kipenyo. Yetu ilikuwa 30, na Jaduong' akapima tena kwa rula yake kwa sababu yangu haiamini. Malizia kwa G13.1 kabla hujagusa kitu kingine.

Nikabadilisha mpangilio wa X kwenye kontrola ya kuigiza, picha ikakubali. Jaribio la mwisho lilikuwa mraba wa 40 kwenye nailoni, kwa sababu mraba hupimika pande mbili kwa kalipa bila ubishi. Wa zamani ungetoka 20 kwa 40. Huu ulitoka 40 kwa 40. Ndipo EN8 ikafungwa. Nusu-kipenyo cha kisu kwenye jedwali la kontrola tulikipunguza 0.05 ili kichwa kishuke hadi 45.9 na spana iingie bila nyundo.

Muuzaji alitumiwa picha ya jeneza, mistari mitano ya programu na namba ya parameta. Jibu likaja baadaye lenye adabu nyingi: toleo jipya la posti limeambatishwa, tatizo limeshughulikiwa. Nikalinganisha mafaili mawili, la kwake la zamani na la kwake jipya, mstari kwa mstari. Tofauti ilikuwa moja: tarehe.