Huyu mtoto atakuja kula nini? Kuhusu kusomea Zama za Kati

Kaka alinipigia usiku, hata salamu hakumaliza. Binti yake kapata nafasi ya masta Uingereza, masomo ya Zama za Kati (Ulaya ya kama mwaka 500 hadi 1500), na yeye kama mzazi anataka kujua kitu kimoja tu: "Dada, huyu mtoto atakuja kula nini?" Nikacheka, maana ndo swali lile lile marehemu mama aliniuliza mimi wakati naondoka kwenda kusoma hayo hayo, nikamjibu kwa kujiamini kabisa kwamba nitafundisha chuo kikuu. Sijafundisha chuo hata siku moja. Nipo kampuni ya bima huku huku Uingereza, kitengo cha madai ya uongo, mwaka wa kumi huu, na nakula vizuri tu.

Kwa hiyo mi sina ugomvi na kozi, ugomvi wangu ni jinsi inavyonadiwa. Vyuo vinakwambia utatoka na uwezo wa kufikiri kwa kina, mawasiliano mazuri, sijui utafiti, na kila mhitimu wa kila kitu kaandika maneno hayo hayo kwenye CV, bosi akifika hapo anapiga miayo. Wakati unachotoka nacho kiukweli ni ufundi kabisa, kama wa fundi saa. Unajua kuishika karatasi na kuihoji: imeandikwa lini, na nani, na alitaka nani aamini nini.

Nakumbuka gombo langu la kwanza, kumbukumbu za baraza la bwana mmoja mwenye ardhi huko Uingereza, ngozi ya kondoo, Kilatini kilichokatwa katwa. Herufi p yenye kistari kwenye mkia ni "per", kistari kikikunjwa vingine inakuwa "pro", na karani hana huruma na wewe. Tarehe nayo haisemi 1349, inasema Jumanne baada ya sikukuu ya mtakatifu fulani, mwaka wa 23 wa Mfalme Edward wa Tatu, piga hesabu mwenyewe. Halafu kuna nyaraka ambazo mwaka wameutaja kwa namba, hapo sasa ukumbuke mwaka wao ulianza tarehe 25 Machi, kwa hiyo Februari 1348 yao ni 1349 yetu, ukikosea umemzika mtu kabla hajaugua. Nilihangaika na nusu ukurasa wiki mbili. Alafu nikaanza kuona sentensi moja inajirudia: fulani amefariki, bwana anachukua mnyama wake bora kama ada ya kifo. Ng'ombe. Ng'ombe. Farasi. Ng'ombe. Kisha, hakuna kitu, marehemu hakuwa na mnyama. Kisha tena hakuna kitu. Ilikuwa ile tauni kubwa, na kwenye ukurasa ule karani hakuiandika tauni hata mara moja, nimeijua kwa kuhesabu ng'ombe.

Saivi nikiletewa madai 40 ya ajali kutoka gereji moja nafanya kazi ile ile.

Kwenye intavyuu jamaa aliniuliza kwa kejeli kidogo, kwa hiyo wewe mambo yako ni wapanda farasi wenye mapanga? Nikaomba dakika mbili. Nikamsimulia Lorenzo Valla, msomi wa Italia. Kulikuwa na hati ikidai Kaisari Konstantino alimpa Papa mamlaka juu ya Roma na nchi zote za magharibi, na kwa karne kadhaa watu waliitumia hiyo hati kudai haki. Mwaka 1440 Valla akaandika kwamba ni feki, na sehemu kubwa ya ushahidi wake ni maneno tu, Kilatini kile si cha karne ya 4, mle ndani kuna "satrapi" (magavana wa Uajemi) wanatajwa kama maofisa wa Roma, cheo ambacho Roma haikuwa nacho. Yule jamaa akaweka kalamu chini. Kazi nikapata, na kwenye CV yangu hayo ya kufikiri kwa kina hayakuwepo.

Basi binti nikampa ya moyoni. Uprofesa uuweke pembeni kama bahati nasibu, Leicester penyewe, ambako wanaakiolojia wa chuo walimfukua Mfalme Richard wa Tatu chini ya maegesho ya magari mwaka 2012 mji ukapata makumbusho na watalii, mwaka 2021 chuo hicho hicho kikatangaza mpango wa kuacha kufundisha fasihi ya Zama za Kati. Kazi ya kutunza nyaraka za kale ipo lakini inataka cheti kingine juu ya masta, kama cha vyuo vya UCL (London) au Liverpool, Dundee wanafundisha hata kwa mbali. Jifunze kompyuta mapema, kuna programu inaitwa Transkribus, iliyoanzia Innsbruck, inasoma miandiko ya zamani, ila lazima kwanza mtu anayeijua miandiko aifundishe, kuwa mtu huyo. Kilatini usikiogope, mwenye kusema mtoto mzuri, kiti kizuri bila kufikiri hawezi kushindwa na filius bonus (mwana mzuri), filia bona (binti mzuri). Na khati ya Kiarabu uliyoipata madrasa usiifiche, wenzako darasani wataisotea miaka. Viza ya kutafuta kazi baada ya masomo nayo inashuka toka miaka miwili mpaka miezi 18 kwa watakaoomba kuanzia 2027, kwa hiyo usisubiri kumaliza ndo uanze kubisha hodi.

Kaka hakuelewa hata kimoja. Ila wiki iliyofuata akanitumia WhatsApp picha ya mkataba wa kiwanja, Kigamboni, milioni 14, dalali anamharakisha, eti dada wewe si unakaa na makaratasi. Sikuisoma. Nikamrushia binti yake, nikamwambia tazama polepole kama Valla.

Dakika kumi nyingi. "Shangazi, mkataba wa kwanza wa huyu muuzaji una tarehe ya 2008, na mhuri umeandikwa Manispaa ya Kigamboni."

Mwaka 2008 kule kote kulikuwa Temeke. Manispaa ya Kigamboni ilikuwa haijazaliwa.

Kaka alikuwa keshatoa laki mbili ya dalali, hiyo imeenda. Habari ya mtoto atakula nini hajaigusa tena. Juzi kamtumia mwanae mkataba mwingine, wa Chanika.