Sindano ya ini aliyoikataa mjomba

Mjomba wangu wa Machame alikubali kila kitu isipokuwa sindano ya ini. Damu alitoa, ultrasaundi alilala akapimwa, mbege aliacha (kwa madai yake). Daktari pale Moshi alipotamka kuchukua kinyama cha ini kikapimwe, mzee akavaa kofia. "Mwanangu, ini halichokonolewi," akaniambia tukiwa njiani kurudi.

Sikumlaumu sana. Ana homa ya ini B ya miaka mingi, na kinyama kile ni kama sehemu 1 tu kati ya 50,000 za ini zima. Makovu hayasambai sawasawa, hivyo sindano inaweza kutua pazima na jirani yake pameshakakamaa.

Ndiyo maana nazipenda zile dawa za MRI (picha ya sumaku) zinazochomwa mwilini ili picha ionekane vizuri, zinazolisaka kovu lenyewe. Dawa ya kawaida yenye gadolini, metali inayoing'arisha picha, huzunguka na damu, kisha figo huitoa. Kolajeni, ambayo ndiyo malighafi ya kovu, dawa hiyo haiitambui kabisa. Peter Caravan na wenzake wa Massachusetts General Hospital, Boston, waliifunga gadolini kwenye peptaidi (kipande kidogo cha protini) inayong'ang'ania kolajeni. Palipo na kovu dawa hubaki, na picha hung'aa. Hayo yameonekana kwa panya. Kuna aina nyingine inayoshika alisini, kitu kinachojitokeza kolajeni inapokuwa bado inasukwa. Hiyo ndiyo inayoninyima usingizi, maana mgonjwa hataki kujua tu kovu lake ni kubwa kiasi gani. Anataka kujua kama bado linakua.

Rafiki yangu wa Arusha hunicheka: MRI ya kawaida tu ni nauli, foleni na pesa, wewe unaota ya panya! Ana haki. Leo hii mtu wa Machame asiingoje picha hiyo. Ipo hesabu ya APRI, inayokisia kovu la ini kwa vipimo vya damu: chukua AST (kimeng'enya cha ini kinachopimwa kwenye damu), gawanya kwa kiwango cha juu cha kawaida cha maabara, zidisha kwa 100, gawanya kwa idadi ya chembe sahani za damu (kwa bilioni kwa lita). Mwaka 2024 WHO ilisema kwa mtu mzima mwenye homa ya ini B, ikizidi 0.5 inatosha kuanza dawa. Faili la mjomba lilikuwa na namba zote hizo tangu mwaka juzi. Hakuna aliyezigawa. Hilo linanikera kuliko ukosefu wa mashine yoyote.

Lakini dawa ya kusaka kovu bado naitaka, kwa ajili ya majaribio ya dawa mpya. Resmetirom, iliyoidhinishwa Marekani Machi 2024 kwa makovu yatokanayo na ini lenye mafuta, ilipimwa kwa watu waliochomwa sindano ya ini mwanzoni na tena baada ya wiki 52. Mara mbili! Kwa masharti hayo, akina mjomba hawatahesabiwa kamwe. Picha wangekubali.

Hesabu niliipiga kwenye simu, kibarazani kwake: 0.9. Tukarudi kwa daktari, sasa anameza tenofovir, dawa ya kuzuia virusi, kila jioni. Sindano bado hataki kuisikia.